Mchungaji akikosea, kanisani kwenu nani anamuuliza? Tupeane uzoefu

Mlokole wa Kawempe
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu, maana hili jambo tunaliongea jikoni tu. Mchungaji akianza kutukana watu madhabahuni, kula hela ya ujenzi, kuita mabinti usiku ofisini eti kuwaombea, kwenu kuna mtu wa kumuuliza? Nilikokuwa nasali hakuna. Kanisa limesajiliwa kama kampuni, wakurugenzi ni yeye, mke wake na shemeji yake, hati ya kiwanja ina jina lake, wazee wa kanisa kawateua mwenyewe na akitaka kesho anawatoa. Kuna mama aliuliza hela ya mabati iko wapi, Jumapili iliyofuata akatajwa mbele ya watu wote kwamba ana roho ya Yezebeli, basi mpaka sokoni watu wakaacha kumsalimia. Ukilalamika unaambiwa usimguse mtiwa mafuta.

Mama Neema, Jinja
Pole sana dada. Sisi Anglikana tuna parishi, tuna dayosisi, tuna askofu, barua zinaandikwa na zinafika. Lakini yule mchungaji wetu alipolalamikiwa na wazazi alihamishwa tu, na kule alikopelekwa waumini hawakuambiwa kitu, wakampokea kwa ngoma na mbuzi. Mpaka leo inaniuma. Ngazi unaweza kuwa nazo zote na bado mtoto wa mtu asilindwe.

Kijana wa Rukungiri
Kuna wanaosema serikali isajili tu makanisa mambo yaishe, lakini kumbukeni Kanungu, huku kusini magharibi mwa Uganda. Lile kundi la dini lililoongozwa na Kibwetere na Mwerinde lilikuwa na usajili wa NGO, makaratasi yapo kabisa. Ndani watu walishauza mali zao, hata kuongea wamekatazwa wanatumia ishara, sasa nani angeuliza swali? Tarehe 17 Machi 2000 kanisa likaungua na watu ndani, mamia, na watoto wakiwemo. Huku kwetu wazee wakilitaja wanashusha sauti.

Fundi Arua
Kwetu katiba ya kanisa inawapa wazee nguvu ya kumsimamisha mchungaji, na wazee tunawapigia kura sisi waumini. Sadaka inahesabiwa mezani palepale ibada ikiisha, watu watatu wasio ndugu, wanaandika kwenye daftari wanasaini wote na mchungaji hagusi. Mabinti wanashauriwa na mama wa kanisa, mlango wazi. Mchungaji mwenyewe ndiye alipenda hivyo, anasema inamlinda na yeye.

Mlokole wa Kawempe
Fundi umenipa nguvu, hilo la wazee kupigiwa kura ndilo tulilolikosa. Na wanaotufunga mdomo na 1 Timotheo 5:19, kwamba mzee asishitakiwe bila mashahidi wawili au watatu, mbona hawasomi mstari wa 20? Pale Paulo anasema wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote.

Ila jamani mtoto akiguswa hiyo si kesi ya wazee wala ya kufunga na kuomba kwanza. Nenda polisi, dawati la watoto na familia, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Mkimwita mchungaji kikaoni kabla ya polisi mnampa muda wa kwenda kuongea na wazazi wa mtoto, na hela anayo.

Mlioko Mbale na Gulu, wazee wenu mnawachagua wenyewe au wanateuliwa?