Tupeane uzoefu: Siku uliyokuta kitabu cha mtu mwingine kinafanana na mswada wako

MWISHO WA RELI (Kigoma)
Ndugu zangu mnaoandika, mliokwisha kuchapisha na mnaoficha kaunta buku chini ya kitanda, naomba tusimuliane jambo hili, kwa sababu tangu Jumamosi usingizi umenipaa. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiandika riwaya juu ya meli yetu ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Mnaijua habari yake: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha baada ya kuipaka mitambo grisi, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Niliamini kwamba kisa cha namna hiyo kilikuwa kimekaa kikinisubiri mimi.

Jumamosi shemeji yangu alinijia na mgeni. Nikampeleka bandarini, na tulipokuwa tunaitazama meli nikamsimulia riwaya yangu: fundi wa Kijerumani anayetumwa kuja kuiunga, na kijana wa Kimanyema anayembebea vifaa. Mgeni alinisikiliza hadi mwisho, akatulia kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba kitabu hicho amekwisha kukisoma. Alex Capus, mwandishi wa Uswisi, alitoa riwaya mwaka 2007 kuhusu mafundi wa Papenburg waliokuja kuiunga meli hiyohiyo. Kana kwamba hilo halitoshi, akanikumbusha kwamba C. S. Forester alikwisha kuitumia meli hiyo kama kiolezo cha manowari ya Kijerumani katika riwaya yake The African Queen, mwaka 1935, kabla baba yangu hajazaliwa. Nilirudi nyumbani sijui kama nimefiwa au nimefumaniwa. Je, wenzangu mlifanya nini?

NIPO ISEVYA (Tabora)
Nimesoma nikaiweka simu chini. Yalinikuta mwaka juzi, na daftari langu sijalifungua tangu siku hiyo.

MRINA ASALI (Sikonge)
Pole sana, ndugu yangu wa mwisho wa reli. Mimi si mtu wa riwaya. Nilikuwa naandika kitabu cha kuwafundisha vijana ufugaji wa nyuki katika misitu yetu ya miombo, tangu kuchonga mzinga na kuupandisha mtini hadi kurina na kuchuja. Siku moja nilikwenda mjini kununua ndoo, nikaingia kwenye duka moja la vitabu kujikinga na mvua, nikakuta kitabu chenye sura kumi na mbili. Cha kwangu kilikuwa na sura kumi na mbili. Nilisimama pale nikifungua ukurasa baada ya ukurasa hadi mwenye duka akaniuliza kama ninanunua au ninasoma, na kwa kweli kwa dakika chache nilimshuku mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenichapia mswada kwenye kompyuta.

Usiku, akili ilipotulia, nikajiuliza ningeupanga vipi vingine. Huwezi kueleza kurina kabla ya kueleza mzinga, wala kuchuja kabla ya kurina. Mpangilio ule ni wa nyuki wenyewe, si wa mwandishi yule wala si wangu. Nilikinunua siku ya tatu, nikakuta kwamba mizinga ya magome imepewa aya moja tu, ilhali mimi nina kurasa arobaini juu ya gome lipi libanduliwe na mti upi unakufa ukiubandua vibaya. Kurasa hizo ndizo ninazozishikilia. Mpwa wangu nilimwomba radhi, ingawa hakuwahi kujua kwamba nilimshuku.

MWALIMU MSTAAFU (Tabora)
Nawasalimu nyote. Hapa Tabora, ukirusha jiwe gizani, litampiga mtu mwenye mswada wa Mirambo, yule mtemi wa Wanyamwezi. Mimi ninao, jirani yangu wa Cheyo anao, na mwanafunzi wangu wa zamani alinitumia wake akiniomba niupitie, nikaogopa kuufungua nisije nikaambiwa nimemwibia. Mirambo alifariki mwaka 1884 na hawezi kumzuia mtu kumwandika.

Napenda mjue kwamba hata wakubwa yaliwafika. Mwanasayansi Charles Darwin alikaa na wazo lake la uteuzi wa kimaumbile, yaani kwamba viumbe wanaofaana na mazingira yao ndio hudumu na kuzaana, kwa takribani miaka ishirini bila kulichapisha. Mwaka 1858 akapokea bahasha kutoka kwa mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, aliyekuwa visiwani mashariki ya mbali akiugua homa, na ndani ya bahasha kulikuwa na wazo lilelile. Huo ndio mwaka ambao wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji, nami nililifundishia jambo hilo kama mfano wa mambo mawili kutokea kwa pamoja. Maandishi ya Darwin na Wallace yalisomwa siku moja mbele ya wanazuoni wa London, na mwaka uliofuata Darwin akatoa kitabu chake. Alichokiandika kwa haraka ndani ya mwaka mmoja ni kile kilichomshinda kwa miaka ishirini. Mwanangu wa Kigoma, huenda mgeni wako amekuletea bahasha.

MJUKUU WA UNYANYEMBE (Tabora)
Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, tatizo la wenye miswada ya Mirambo ni kwamba hawataki kumtazama Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwezi Januari 1893 kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani. Mkiandika juu ya Isike hamtagongana hovyo.

MWALIMU MSTAAFU (Tabora)
Marahaba. Isike nimemwandika katika sura ya tisa. Nawe pia ukianza leo, tutagongana.

MJUKUU WA UNYANYEMBE (Tabora)
Sura moja kwa Isike ni matusi, mwalimu, na ninasema hivyo kwa adabu.

KIBIRIZI (Kigoma)
Naomba mnisamehe kwa urefu, kwa sababu ninyi mnazungumzia mambo ya kihistoria ambayo kila mtu anaweza kuyafikia, lakini langu lilitoka kichwani mwangu peke yangu.

Niliandika riwaya kuhusu kijiji kilichoko chini ya ziwa, ambako watu waliozama huendelea na maisha yao: wanaoa, wanagombana, na wanaanika dagaa pasipo jua. Kijiji hicho nilikipa jina la Kirindigwe, jina ambalo halimo katika ramani yoyote. Niliandika kwa mkono katika kaunta buku tatu, kisha nikazipeleka kwenye steshenari moja ili zichapwe, zikakaa huko miezi miwili kwa sababu ya umeme na kwa sababu ya visingizio. Niliporudishiwa, moja ilikuwa na alama ya kikombe cha chai juu ya jalada. Sikujali. Niliupeleka mswada kwa mchapishaji mmoja, nikasubiri mwaka mmoja na nusu, nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba hadithi za mizimu hazina soko.

Miaka minne baadaye nilikuwa ndani ya treni nikielekea Tabora. Tulipotoka Uvinza, dada aliyekaa mbele yangu alitoa kitabu chembamba akaanza kusoma. Mimi ni mtu wa kusoma majalada ya watu. Jalada lilikuwa na mtumbwi uliopinduka. Nilivumilia hadi Nguruka, ndipo nikamwomba nikitazame mara moja tu. Nilifungua katikati, nikasoma sentensi ya kwanza iliyonijia machoni, na ilikuwa inasema kwamba huko chini watu wa Kirindigwe walianika dagaa wao gizani, wala hawakuoza. Jina ni lilelile, dagaa ni walewale, giza ni lilelile. Wenzangu, mikono ilitetemeka hadi yule dada akadhani nimeugua, akanipa maji. Nilimwomba aniuzie kitabu, akakataa kwa kuwa hakuwa amekimaliza, akanisomea kwa sauti hadi tulipofika. Nilisikiliza kijiji changu kikisomwa na mtu asiyejua kwamba ni changu, na jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba kilikuwa kimeandikwa vizuri.

Nilikitafuta baadaye, nikakinunua. Mwandishi simjui. Kisa chake ni tofauti kidogo na changu, maana chake kinahusu harusi na changu kinahusu kesi ya nyavu, lakini jina lile, ndugu zangu, jina lile!

NIPO ISEVYA (Tabora)
Mungu wangu. Hilo si kufanana tena.

WAKILI WA MTAA (Kigoma)
Huo ni wizi mtupu, na watu wa steshenari wahojiwe. Mpeleke mahakamani mwandishi na mchapishaji wake.

BINTI WA UJIJI (Kigoma)
Kaka Wakili, tusimtume mwenzetu mahakamani kwa hasira zetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda namna jambo lilivyoandikwa, wala hailindi wazo lenyewe. Kijiji cha waliozama ni wazo. Jina moja la kubuni na sentensi moja inayofanana ni vitu vya kumpa hakimu maswali, lakini mashtaka hayatasimama bila kuonyesha kwamba mwandishi yule aliufikia mswada. Alama ya kikombe cha chai si ushahidi.

WAKILI WA MTAA (Kigoma)
Kwa hiyo asubiri aibiwe na cha pili? Angeusajili mswada COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, mapema, haya yasingetokea.

BINTI WA UJIJI (Kigoma)
Kusajili ni jambo jema kwa ajili ya ushahidi, lakini haki ya mwandishi huanza pale anapoandika, awe amesajili au hajasajili. Mimi nimefanya kazi kwenye dawati la kupokea miswada kwa miaka sita. Katika muda huo nilipokea miswada mitatu, kutoka mikoa mitatu, yote ikianza na msichana anayeshuka kwenye basi Dar es Salaam akiwa na begi moja na namba ya simu ya shangazi isiyopatikana. Waandishi wake hawakujuana hata kidogo.

MRINA ASALI (Sikonge)
Ushauri wangu ni kwamba mswada utiwe ndani ya bahasha, ujitumie mwenyewe kwa rejesta, na ukifika usiifungue. Muhuri wa posta utakutetea.

MWALIMU MSTAAFU (Tabora)
Nami nashauri usisome kitabu chochote kinachokaribiana na unachoandika mpaka umalize.

MJUKUU WA UNYANYEMBE (Tabora)
Mimi nashauri kinyume chake. Soma vyote kabla hujaanza, ili usikae miaka tisa ukijenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

FUNDI CHEREHANI (Urambo)
Chomeni miswada yote, mlime tumbaku. Nayo ikishindikana, pelekeni majivu kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu.

MWISHO WA RELI (Kigoma)
Ndugu Fundi, umenichekesha kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Hata hivyo naomba turudi kidogo kwenye swali langu, kwa kuwa naona Kirindigwe imenimeza. Nimekipata kile cha Capus katika tafsiri ya Kiingereza na nimeanza kukisoma. Fundi wake anaishi, anapumua, na nakiri kwamba anazijua ribiti kuliko fundi wangu. Lakini nimeanza kumwona yule kijana wangu wa Kimanyema, ambaye siku zote nilimweka pembeni kama mbeba vifaa, akinitazama kama mtu aliyesubiri zamu yake. Babu wa baba yangu alibeba makasha yale kutoka kwenye behewa. Sijui kwa nini nilianzia Papenburg.

MWALIMU MSTAAFU (Tabora)
Anzia stesheni.

MAMA WA KATONGA (Kigoma)
Hamjambo wanangu. Mimi si mwandishi, ila nasoma kila kitu. Mwanangu wa Kibirizi, nisamehe, sitaki kukuongezea uchungu, lakini hilo jina la Kirindigwe mimi nimelisikia nikiwa mtoto. Mnajua kwamba mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutwi na taa, hivyo wavuvi hawaendi ziwani, na usiku huo baba zetu walikuwa nyumbani na bibi zetu walitoa hadithi uani. Bibi yangu alikuwa na ya watu waliozama, na kulikuwa na kiitikio tulichokiimba sote, kinachotaja kwamba huko dagaa huanikwa kwa mwezi.

KIBIRIZI (Kigoma)
Mama, shikamoo, lakini haiwezekani. Jina hilo nililitunga mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya mtumbwi, na nakumbuka hata siku yenyewe.

MAMA WA KATONGA (Kigoma)
Marahaba. Sikatai kwamba ulikuwa juu ya mtumbwi. Nauliza tu ulilelewa na nani.

WAKILI WA MTAA (Kigoma)
Mama, huku ni kumvunja moyo mwenye kesi.

BINTI WA UJIJI (Kigoma)
Kaka Wakili, mwache ajibu mwenyewe.

KIBIRIZI (Kigoma)
Nimerudi baada ya siku mbili. Nililelewa na bibi hadi nilipoanza shule, na alifariki nikiwa darasa la pili. Sura yake siikumbuki vizuri, ila nakumbuka kwamba alikuwa akipiga goti kwa kiganja anapofika mahali fulani katika hadithi, nasi tulikuwa tunaitikia. Tulichokuwa tunaitikia hakinijii hata kidogo, nimejaribu usiku kucha. Mama, kama bado unakikumbuka kiitikio hicho chote, nakuomba kiandike hapa, na uniambie bibi yako alizaliwa upande gani wa ziwa.

MRINA ASALI (Sikonge)
Mama, kabla hujakiandika, kitie kwanza kwenye bahasha ya rejesta.