"Affirm" kwenye hati ya kiapo tuiteje?

Mtafsiri_Tanga: Wakuu, nina hati ya kiapo ya Kiingereza. Mtoa kiapo Mkristo ameandikiwa "swear", mwenzake Mwislamu "affirm". La kwanza ni naapa, halina shida. La pili nimeandika nathibitisha, ila naliona jepesi, kama mtu anathibitisha risiti ya umeme.

Binti_Sheria: Acha hivyohivyo. Hilo ni neno la watu wasioapa. Waquaker, dhehebu la Kikristo la Uingereza, walishikilia Mathayo 5, kwamba kuapa ni marufuku, wakafungwa kwa hilo mpaka sheria ikawaruhusu kutamka bila kuapa, miaka ya 1690 huko. Kwa lugha ya sheria, Mwislamu naye haapi, anathibitisha tu.

Mpemba_Asilia: Anathibitisha TU? Marehemu baba alitoa ushahidi kesi ya shamba, nilikuwa benchi la nyuma. Kofia mkononi, akatamka "Wallahi, Billahi, Tallahi" sauti ikimtetemeka, na wiki nzima hakulala akihofia amekosea mpaka wa mkarafuu mmoja. Hicho si kiapo?

Binti_Sheria: Pole kwa msiba, kaka. Sijamgusa mzee. Nazungumzia neno la sheria.

Mpemba_Asilia: Neno la sheria ndilo limemgusa.

Kalamu_Nyekundu: Tusigeuze udini. Franklin Pierce alikuwa Mkristo, na alipoingia urais wa Marekani mwaka 1853 alitumia "affirm". Katiba yao inaruhusu yote mawili. Na Bradlaugh, yule asiyeamini Mungu, alichaguliwa ubunge Northampton, Uingereza, 1880 akazungushwa hadi 1886 kwa sababu ya kiapo hichohicho. Sheria ya huko ya 1888 ndiyo iliyofungua mlango kwa yeyote asiye na dini, au ambaye dini yake inakataza kuapa.

Mpemba_Asilia: Kwa hiyo baba yangu yuko kundi moja na asiyeamini Mungu?

Kalamu_Nyekundu: Mbele ya sheria, ndiyo. Akidanganya yeyote kati yao, kosa ni lilelile la ushahidi wa uongo. Hakuna kiapo cha daraja la pili.

Mpemba_Asilia: Hapo sawa. Ungeanza na hilo.

Mtafsiri_Tanga: Wakuu, hati inatakiwa masjala kesho asubuhi. "Nathibitisha kwa dhati" inafaa?

Binti_Sheria: Inafaa. "Kwa dhati" inalipa neno uzito wake.

Mpemba_Asilia: Iandike. Na ile "tu" yako dada, ifute.

Binti_Sheria: Nimeifuta, kaka. Niwie radhi.