Rubani akisikia futi vibaya inakuwaje?

Wasee wa Kisumu, nikiona ndege zikishuka juu ya ziwa huwa najiuliza, rubani akisikia vibaya futi za kushukia alizopewa na mnara wa kuongoza ndege inakuwaje?

— Lazima arudie redioni kile ameambiwa, na yule wa mnara asikize kama iko sawa. Asipomrekebisha kosa linapita hivyo.

— Na watu hufa buda. 1989 karibu na Kuala Lumpur ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa "descend two four zero zero", yaani 2,400, wao wakashika "to four zero zero" wakashuka kwenda 400, wakajibu redioni "four zero zero" na hakuna aliyewarekebisha, wakagonga kilima, wote 4 wakafa. Inauma sana.

— Na kengele ya kuonya ardhi iko karibu ilikuwa inalia jameni! Ikilia unapanda kwanza, maswali baadaye.