Mrejesho: Cheti cha afisa wa zamu kwenye meli ya bendera ya kigeni

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama cheti changu kinatosha kwenye meli ya bendera nyingine (iliyosajiliwa nchi nyingine), na nitaelewanaje na mabaharia wa mataifa tofauti.

Mliosema niombe mapema uthibitisho wa nchi ya bendera mlinisaidia mno: nilipanda na ushahidi wa maombi, ambao chini ya STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia) unakubalika kwa miezi 3 tu. Uthibitisho ulifika kabla ya hapo.

Kuhusu kuelewana, kurudia amri kumefaa sana kwenye usukani: afisa anasema “Starboard ten” (usukani digrii kumi kulia), mshika usukani anarudia, kisha anataarifu usukani ukifika hapo. Wakati wa kufunga kamba haikutosha. Upepo humeza redio, na asiyesikia hujibu “yes”. Huko tunakubaliana ishara za mkono kabla ya kukaribia gati.