Laini ya Mbps 50, iperf3 inasoma 3.5 tu. Nivunje mkataba?

MtuWaGulu: Wakuu, ofisi yetu iko Gulu, Uganda, tunalipia Mbps 50. Nikipima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, hadi seva ya London napata 3.5, asubuhi hata usiku. Njia imebanwa wapi, na nitathibitishaje?

Fundi_Jinja: Uwezo wa njia huamuliwa na kiungo chembamba kuliko vyote. Bandiwidhi iliyobaki huamuliwa na kiungo chenye nafasi ndogo zaidi iliyobaki, na huenda kikawa kingine kabisa. iperf3 haipimi hata kimoja, inaonyesha ilichoambulia TCP, itifaki inayosafirisha data. Tumia programu ya pathload, iendeshwe ncha zote mbili. Inatuma mafungu ya paketi (vipande vidogo vya data) kwa mwendo maalumu: ucheleweshaji ukipanda paketi baada ya paketi, mwendo umezidi nafasi iliyobaki, inapunguza, usipopanda, inaongeza. Itakupa kiwango cha chini na cha juu, si namba moja.

NyaboNtinda: Na usipime kwa wi-fi! Paketi ya baiti 1500 kwenye Mbps 100 huchukua mikrosekunde 120. Wi-fi huvuruga nafasi ndogo hivyo kati ya paketi, na pathload inazitegemea. Chomeka kebo.

Kipimo256: Ping (muda wa paketi kwenda na kurudi) ni ngapi?

MtuWaGulu: Milisekunde 150.

Kipimo256: Basi kisa umetunga. Dirisha la TCP, yaani data inayotumwa kabla ya kusubiri jibu, likiwa kilobaiti 64: mara biti 8, gawa kwa sekunde 0.15, ni Mbps 3.5 ya kitabuni. Lakini Linux ya leo hupanua dirisha hilo yenyewe. Weka amri nzima.

MtuWaGulu: Sijatunga, ssebo. Nimeweka `-w 64K -t 10`, ndivyo mwongozo ulivyosema. Barua ya kuvunja mkataba iko kwa bosi tayari, na kampuni nyingine inatoa 100. Mikutano ya video inakatika kweli, hiyo si dirisha.

Fundi_Jinja: Hiyo `-w` ndiyo inayokubana, imefunga dirisha kwenye kilobaiti 64. Mbps 50 kwa milisekunde 150 zinataka dirisha la kilobaiti 940 hivi. Hata kwenye laini ya 100 utasoma 3.5 ileile. Iondoe, weka `-t 60 -O 5` (jaribio la sekunde 60), kisha rudia na `-R` upime upande wa kupakua. `-O 5` hutupa sekunde za mwanzo, ambapo TCP bado inapanda.

NyaboNtinda: Video ichunguze kwa ping wakati jaribio linaendelea. Ikiruka kutoka 150 hadi 400, kuna foleni njiani. Rudia kwa seva ya Kampala: ikifika 50 huko na London isifike, huenda pa kubanwa ni mbele ya Kampala.

MtuWaGulu: Bosi anasaini Ijumaa.

Kipimo256: Pima kesho saa nne ofisi ikiwa imejaa, na saa mbili usiku ikiwa tupu. Leta matokeo yote kabla hajasaini.