Aliniandikia talaka kwenye karatasi, sasa anadai mahakama ilishamaliza. Nianzie wapi?

Mama Wawili aliandika:

Shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo. Naomba ushauri kwa hili linaloninyima usingizi.

Nilifunga ndoa ya Kiislamu, Tanzania Bara, na cheti ninacho. Tukajaliwa watoto wawili. Mwaka 2019 mume wangu aliniandikia talaka kwenye karatasi ya daftari, akatia saini mbele ya kaka yake na jirani mmoja. Nikarudi kwa wazazi, nikakaa eda, nikajua yameisha.

Sasa nimepata mchumba. Shehe wa kutuozesha aliisoma ile karatasi, akasema upande wa dini ameelewa, ila hawezi kuniandika kuwa mtalaka bila kuona hati ya mahakama. Nilipompigia baba watoto akaniambia yeye alishakwenda mahakamani zamani, kesi ikaisha, na kwenye ile nyumba sina changu. Sijawahi kupokea samansi wala kusikia naitwa popote. Nimemwomba namba ya kesi, hataki kutoa.

Nitajuaje kama hiyo kesi ipo kweli? Na kama haipo, nafungua mwenyewe wapi? Nyumba tulijenga pamoja. Hati ina jina lake, lakini tofali najua zilikotoka.

Abuu Nasri:

Pole dada yangu. Talaka imetamkwa, imeandikwa, ina mashahidi, na eda umemaliza. Mbele ya Mungu hana haki tena juu yako. Tafuta shehe mwingine anayejua dini, uolewe.

Wakili Mdogo:

Kaka Abuu, kwa heshima zote, usimwingize dada wa watu kwenye shimo. Kidini sibishani nawe. Lakini kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa iliyofungwa Bara haivunjiki kwa karatasi ya nyumbani, iwe ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila au ya serikali. Inavunjwa kwa amri ya mahakama. Akiolewa leo na mwingine, ile ya kwanza inahesabika bado ipo, na hiyo ya pili itakuwa batili. Siku mwanamume huyo mpya akifariki, ndugu zake watamtoa kwenye mirathi kwa hoja hiyo hiyo. Nimeyaona haya, yanaumiza sana.

Kwa wanaosoma kutoka Zanzibar: huko mna Mahakama ya Kadhi na utaratibu wenu. Ninayosema ni ya Bara.

Karani Mstaafu:

Mwanangu, anza na jalada, maneno ya simu yaache. Kesi ikiwa imefunguliwa, jina lako limo kwenye rejista. Nimekaa masijala miaka mingi, kwa hiyo nikueleze tunavyotafuta.

Orodhesha sehemu zote alizoishi yeye na ulizoishi wewe tangu 2019. Mahakama ya Mwanzo ya kila sehemu hiyo ndiyo ya kuanzia, maana mashauri mengi ya ndoa hufunguliwa huko. Ila usiishie hapo. Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na hata Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza talaka, na mtu anayeficha jambo hukimbilia mbali na nyumbani.

Nenda na barua fupi kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu msimamizi wa mahakama hiyo: jina lako kamili kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa, jina lake, mwaka mlioachana, na ombi la kutafutiwa shauri la ndoa na kupewa nakala. Ambatisha kivuli cha cheti cha ndoa na kitambulisho chako, waone wewe ni mhusika. Rejista inakwenda kwa mwaka na namba ya shauri, na majina ya wadaawa (pande mbili za kesi) yako pembeni, kwa hiyo omba waangalie kuanzia 2019 hadi sasa. Waombe wajaribu majina kwa mpangilio tofauti. Nimeshuhudia Mwanahamisi akiandikwa Hamisa, na "Juma Said" akiandikwa "Said Juma", mtu akarudishwa kuwa hana kesi kumbe jalada liko kabatini. Kama kulikuwa na rufaa, jalada huwa limepelekwa mahakama ya juu, lakini rejista itaonyesha.

Likipatikana, omba nakala ya hukumu na nakala ya amri ya talaka, zote ziwe na muhuri wa mahakama na saini. Kivuli kisicho na muhuri hakitakufikisha popote.

Uliza na RITA pia, wao ndio wanaosajili ndoa na talaka. Talaka ya mahakama ikishasajiliwa kwao, utapata cheti cha talaka. Lakini kutoonekana RITA si ushahidi kwamba mahakama haikutoa kitu, kwani kuna watu wengi waliochukua hukumu wakaifungia kabatini bila kusajili. Ndiyo maana nakutuma mahakamani kwanza.

Kijana wa Mtandao:

Dada, ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, utafute kwa majina yenu, hukumu zimewekwa bure.

Karani Mstaafu:

Kijana, huko utapata zaidi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Za Mahakama ya Mwanzo usitegemee kuzikuta. Aangalie, lakini safari ya masijala iko palepale.

Mama Wawili:

Asanteni sana baba na wengine wote. Tuseme nimezunguka sijakuta kitu. Nikifungua mwenyewe, ile karatasi ya 2019 si inatosha kuwaonyesha kwamba aliniacha?

Wakili Mdogo:

Peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Kabla ya mahakama lazima mpitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Hicho ni kifungu cha 101 cha ile Sheria ya Ndoa. Liko kwenye kata, na taasisi za dini nazo zina mabaraza yanayotambuliwa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Unapofungua shauri, hati hiyo iwe haijazidi miezi 6 tangu itolewe. Ukifungua bila hati hiyo, shauri linahesabiwa limeletwa kabla ya wakati na linaondolewa, hata kama una hoja nzito kiasi gani. Linaweza kusikilizwa lote, ukashinda, halafu likafutwa kwenye rufaa.

Kwa ndoa ya Kiislamu kuna kifungu cha 107(3): baraza likishathibitisha kushindwa, kisha mmoja wenu akafanya jambo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama inatoa talaka. Angalia mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye. Karatasi yako ilitangulia baraza. Lakini usiitupe, itaeleza mliachana lini. Mmeishi mbalimbali zaidi ya miaka 3, na kutengana kwa hiari kwa muda huo ni moja ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kama kulikuwa na kipigo au kutelekezwa, sema pia.

Bint Salma:

Nakazia hapo kwa baraza, maana nimepita. Mume wangu aliitwa akakataa kufika. Usikae kumbembeleza mwaka mzima: sheria inaruhusu uendelee kama mwenzako ameitwa akakataa kwa makusudi, au hujui alipo, au yuko nje ya nchi na hatarudi ndani ya miezi 6. Baki na ushahidi kwamba aliitwa.

Na soma karatasi unayopewa kabla hujatoka pale mlangoni. Mimi nilipewa barua inayosema "wahusika wameshindwana, tunawaleta mbele yenu", imegongwa muhuri mkubwa mzuri. Karani wa mahakama akaisoma akanirudishia, akasema hii ni barua ya utambulisho, wanachotaka ni hati ya baraza. Ile hati ni fomu maalumu, Fomu Na. 3: ina jina la baraza, majina yenu nyote wawili, kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, na saini ya mwenyekiti. Barua ya serikali ya mtaa haichukui nafasi yake.

Mpita Njia:

Samahani kuingilia uzi. Sisi hatukufunga ndoa, tumeishi miaka 6 na tuna mtoto. Nami nafungua talaka?

Wakili Mdogo:

Ndugu, wako ni wa kifungu cha 160, dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke. Hapo huombi talaka. Unaomba matunzo, mambo ya mtoto na mali. Fungua uzi wako nitakujibu, huu tumwachie mama.

Mama Wawili:

Na nikikuta kesi ipo kweli, aliishinda mimi sipo? Nyumba imekwenda?

Wakili Mdogo:

Hapana. Chukua nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani), kisha utazame palipoandikwa jinsi ulivyoitwa. Kama ilisikilizwa upande mmoja nawe hukupata wito, una haki ya kuomba hukumu hiyo itenguliwe. Ukipata habari usikae nayo, ombi la namna hii lina muda wake na mahakama itakuuliza ulijua lini.

Kuhusu nyumba, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma kwa juhudi za pamoja. Jina moja kwenye hati halimalizi hoja. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, hata kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa mchango. Wewe unasema ulitoa na tofali. Tafuta risiti, fundi aliyejenga, jirani aliyeona mnahamia.

Na ikiwa utafungua mwenyewe, andika yote kwenye madai yako tangu mwanzo: talaka, nyumba, watoto wakae na nani na matunzo yao. Wengi huomba talaka tupu kwa haraka ya kuolewa, kisha wanalazimika kuanza upya kwa ajili ya mali. Shauri la Mahakama ya Mwanzo linaendeshwa kwa Kiswahili, utajieleza mwenyewe bila shida. Ukihitaji mtu wa kukuandikia, mashirika ya TAWLA na WLAC yanatoa msaada wa kisheria, na wilayani ulizia wasaidizi wa kisheria. Nenda na cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na ile karatasi ya 2019. Asili zibaki mkononi mwako, wao waachie vivuli.