Nafanya kazi baa, sivuti sigara ila navuta za wateja. Sheria inasemaje?

mhudumu_sakina
Habarini za jioni wapendwa. Mimi ni mhudumu wa baa moja huku Arusha maeneo ya Sakina, jina la baa naliacha maana mshahara bado nauhitaji. Sivuti sigara, hata ile ya kujaribu kipindi cha shule niliikwepa. Sasa tangu baridi ianze bosi kashusha maturubai pande zote, na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba mnaijua, kwahiyo mle ndani kuanzia saa moja usiku mpaka tunafunga ni moshi mtupu, meza kumi na mbili, kila meza na kibakuli chake cha majivu, na wa kuvimwaga na kuvifuta ni mimi.

Nafika nyumbani saa saba usiku, mtoto wangu wa miezi mitano anaamka kunyonya. Juzi mama akaniambia we binti mbona unanuka kama kipisi, vua kwanza hilo tisheti ndo umshike mtoto. Nikajinusa nywele, aisee aibu niliyoisikia. Na kikohozi hiki wiki ya tatu, kikavu, asubuhi ndo kinakaza.

Nilimwambia bosi akasema si ameweka feni mbili, na wasiovuta wakae upande wa kaunta. Jamani upande wa kaunta na upande wa wavutaji ni ukumbi ule ule, hiyo feni inautoa moshi meza namba nne inaniletea mimi. Naomba kujua, moshi wa mtu mwingine unadhuru kweli au ni kero tu? Na hapa kwetu kuna sheria au ni yale maandishi ya kwenye pakiti basi? Mnijibu kwa upole, humu kuna watu wana midomo.

chalii_ngarenaro
Dadaa pole ila baa ni baa, ukitaka hewa safi kauze maziwa. Hao hao wavutaji ndo wanaokulipa. Babu yangu kule Marangu kavuta tangu kabla ya uhuru na ugoro juu, kafa na miaka 91 tena kwa kuteleza kihambani wakati wa mvua. Mbona moshi wa nyama choma hamuusemi? Mbona boda hamzisemi?

nesi_wa_zamu
Chalii, babu namheshimu apumzike kwa amani, ila waliokuwa wanavuta naye wakafa na hamsini na kitu huwezi kuwahesabu maana hakuna anayewasimulia. WHO wanasema sigara inaweza kuua mpaka nusu ya wavutaji wasioacha. Nusu, kwahiyo kila ukoo lazima utakuwa na babu wa 91 wa kutolea mfano. Na moshi wa mkaa kweli nao mbaya, nani kakataa, ndo uongezewe na wa fegi?

@mhudumu_sakina mdogo wangu, kabla ya vyote hicho kikohozi. Kikohozi kikifika wiki mbili unaenda kupima TB, kwenye vituo vya serikali kipimo ni bure, nenda kesho kabla ya zamu. Usijipe jibu kwamba ni moshi. Inaweza kuwa moshi kweli, ila hatubahatishi na una mtoto mchanga ndani.

Ukija kwenye swali lako, sio kero. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana zinasababisha kansa. Unaotoka kwenye ncha inayoungua pale kwenye kibakuli haujapita hata kwenye kile kichujio ambacho mvutaji mwenyewe anacho. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti kubwa kuhusu hili jambo, ikasema asiyevuta anayekaa kwenye moshi wa wengine nyumbani au kazini hatari yake ya magonjwa ya moyo inapanda kwa asilimia 25 hadi 30, na kansa ya mapafu asilimia 20 hadi 30. Halafu bosi wako asomewe hii: ile ripoti ilisema wazi kuwatenga wavutaji ndani ya jengo lile lile, kusafisha hewa, kuweka feni, hakuna kinachoumaliza. Kiwango salama hakuna.

Kwa mtoto, hao wa miezi mitano mapafu bado yanakua, moshi unawaletea nimonia, pumu, masikio kuuma, na vifo vya ghafla usingizini. Ila usije ukaacha kunyonyesha kwa kuogopa, nyonyesha! Wewe ukifika vua nguo za kazi nje ya chumba, nawa mikono na uso, funga kitambaa kichwani ukiwa kazini maana nywele zinabeba sana harufu, ndo umchukue. Hiyo inapunguza tu jamani, dawa ni moshi kutokuwepo.

mzee_wa_vifungu
Sheria ipo, ina umri wa kutosha kupiga kura. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Hiyo ndo inayokataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, ingawa nenda pale kwa mangi uone mtoto wa darasa la nne anavyotumwa fegi mbili za baba na kiberiti. Inakataza pia kuvuta sehemu kama hospitali, shule na vyombo vya usafiri. Kwenye mambo ya baa na hoteli ndo kuna ule upenyo wa "eneo lililotengwa", na bosi wako kaupenya na feni zake mbili.

Halafu mwaka 2007 Tanzania tukaridhia ule mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku. Kifungu cha 8 kinazitaka nchi kuwalinda watu na moshi wa tumbaku sehemu za kazi za ndani, na baa kwako wewe ni sehemu ya kazi, mteja ndo anakuja kustarehe. Waganda kwenye sheria yao ya 2015 waliweka mpaka umbali wa mita 50 kutoka sehemu za umma. Sisi ya kwetu ni ile ile ya 2003.

Mimi ningekuwa wewe nisingeshika ya tumbaku. Shika sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, nayo ni ya 2003, inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndo wasimamizi. Ireland mwaka 2004 walipokuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku sigara ndani ya baa zote na maofisi hoja iliyosimama ilikuwa ya wahudumu kama wewe, mteja anaweza kuhama baa, mhudumu ahamie wapi.

urambo_damu
Mimi niko Moshi siku hizi ila nimezaliwa Urambo, tumbaku ndo imenisomesha kwahiyo sina mdomo wa kuitukana sana. Ila niwaambie kitu ambacho watu wa mjini hamkijui, tumbaku inakulewesha kabla hata hujaiwasha. Tukiwa wadogo tunavuna asubuhi majani yana umande, ile nikotini inapita kwenye ngozi, mpaka saa nne kichwa kinagonga, unatapika kwenye matuta, mzee anasema kanywe maji urudi. Sisi tulijua ni njaa. Na kuni za mabani ya kukaushia msiniulize, pori nililokuwa nachunga mbuzi halipo tena. Bei anapanga mwingine huko. Haya endeleeni.

mangi_kiborloni
Naongea kama mwenye baa, mnisamehe. Nina grosari ndogo Moshi, meza tisa. Nilikuwa kama huyo bosi, naogopa wateja watahamia kwa jirani. Kilichonibadilisha sio sheria, hakuna aliyewahi kuja kunikagua mambo ya sigara, wanakuja wa leseni na wa kodi. Kilichonibadilisha ni dada wa kaunta, kakaa kwangu miaka sita hajawahi kugusa sigara, akaanza kubanwa kifua, daktari akamuuliza unavuta pakiti ngapi kwa siku. Akalia pale pale. Nilienda naye mimi kwahiyo sijasimuliwa.

Nilichofanya ni kuondoa vibakuli vya majivu mezani, vyote. Sikuandika bango maana mabango watu wanayasoma kama nyimbo. Nikaweka benchi nje chini ya mparachichi na kopo kubwa la rangi lenye mchanga. Mtu akikaa akakosa pa kukung'utia majivu anauliza, dada anamwonyesha benchi, imeisha hiyo. Wiki ya kwanza wawili walinuna wakaondoka, mmoja alirudi Jumapili. Na lile benchi sasa ndo limekuwa kijiwe, wasiovuta nao wanatoka kufuata umbea. Mauzo ya bia sijaona yameshuka, mauzo ya fegi moja moja ndo yameshuka na ile faida ilikuwa ya kununua chumvi tu.

@mhudumu_sakina usimwambie bosi habari za kansa, atakuona unajitafutia sababu. Mwambie habari za turubai kuungua. Mimi langu lilitobolewa na vipisi sehemu saba, na turubai sio bei ya mchezo.

chalii_ngarenaro
Mangi umeua hapo kwenye turubai 😂😂 Dadaa nisamehe kwa yale ya maziwa. Mimi mwenyewe nimejaribu kuacha mara tatu, siku ya tatu ndo inanishinda nakuwa kama nataka kupigana na ukuta.

nesi_wa_zamu
@chalii siku ya pili na ya tatu ndo kilele chenyewe, nikotini inakuwa inaisha mwilini. Ukivuka wiki kama mbili mpaka nne makali yanashuka. Ndani ya mwaka hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa kama nusu ya anayeendelea kuvuta. Anza tena, hiyo ya nne iwe wiki ambayo huna mechi wala msiba.

mhudumu_sakina
Nimerudi na mrejesho. Nilienda kupima, makohozi wamechukua majibu yametoka, TB hamna namshukuru Mungu. Wamenipa dawa na kuniambia nikae mbali na moshi, nikacheka.

Bosi nimemwingia kwa turubai kama Mangi alivyosema. Akaenda kulikagua mwenyewe na tochi ya simu, kahesabu matundu kumi na moja, hasira alizopata! Kuanzia Jumatatu vibakuli vimetoka mezani na turubai la upande wa jiko linafungwa juu, wavutaji wakae kule karibu na moto wa nyama. Wengi hawajalalamika, wanaota moto. Kabaki mzee mmoja wa meza ya kona, mwenye nyumba ya hiyo baa, anakung'utia majivu kwenye kisahani cha pilipili na hakuna wa kumwambia. Mangi, wa hivyo ulimfanyaje?

mangi_kiborloni
Wa hivyo mpelekee kiti cha kuegemea kule kwenye moto, mwambie bosi kaagiza kiwe chake peke yake. Na hicho kisahani kiondoe.